Punje ya Mtama Ipite

Nilisikia pikipiki ya baba kabla sijaona chochote. Ukungu wa Newala ulikuwa umelala chini asubuhi ile, mzito kiasi kwamba mkorosho wa uani ulionekana kivuli tu. Nyumba yetu iko pale barabara ya kutoka Masasi inapomaliza kupanda, kwa hiyo tangu utoto tumezoea kuwajua watu kwa milio yao kabla ya sura zao. Mlio wa baba niliujua. Ule haukuwa wake. Injini ililia kwa nguvu, juu kabisa, kama inayokimbia, na wakati huohuo haikuwa inakaribia. Pikipiki inayopanda vizuri inakujia kama mtu anayezungumza huku anatembea: neno moja liko mbali, la pili liko karibu. Hii ilikuwa inapiga kelele palepale ilipo.

Nilisimama na ufagio mkononi. Mama alitoka jikoni akipangusa macho kwa sababu ya moshi, akasikiliza, akaniuliza kama si baba yangu yule, na kama ndiye, mbona hafiki.

Alifika. Ilitangulia harufu, ile harufu kali ya pleti za klachi zinapoungua, kama kwato iliyotupwa motoni, ikaufunika utamu wa maua ya mikorosho yaliyokuwa yameanza kufunguka. Kisha akatokea yeye, koti jeusi, kofia imelowa umande. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akasema baridi ya mwaka huu inasumbua hata mashine. Alizima injini, akashuka polepole, na kabla hajafanya jambo lingine lolote aliuficha mkono wa kushoto ndani ya mfuko wa koti.

Mkono ule ulikuwa umepona nusu. Masika yaliyopita baba alianguka shambani kwake Makote, panga likiwa bado mkononi, na waliomwokota walidhani amechoka na jua mpaka walipomsikia anaongea kwa upande mmoja wa mdomo. Hospitali walisema ni kiharusi, na kwamba ana bahati kilikuwa chepesi. Nilirudi nyumbani kumuuguza. Mguu ulirudi. Mdomo ulirudi, isipokuwa akicheka. Mkono uliishia njiani: vidole vilijifunga hadi katikati vikasimama hapo, kama mtu aliyesahau alichotaka kushika. Aliweza kubeba kikombe. Kukamua nguo hakuweza.

Na klachi ya pikipiki iko mkono wa kushoto.

Kwa nini asiiache tu? Majirani waliuliza hivyo, na mama aliuliza hivyo kwa sauti ya chini usiku na mchana. Jibu lilikuwa Lisekese, kule Masasi, kwa shangazi yangu. Kwetu ukoo unafuata upande wa mama. Mwanamume anaoa, anazaa, anajenga, lakini mzigo wake wa kwanza ni dada zake na watoto wa dada zake. Ndiye anayesimama kwenye posa zao, misiba yao na ugomvi wao. Nyumbani baba alikuwa baba yangu. Lisekese alikuwa mjomba, na mjomba ni cheo. Kila wiki, baada ya swala ya Ijumaa, aliteremka kwa dada yake, akalala huko, akapanda tena alfajiri. Shangazi mwenyewe hakuweza kuja kwetu. Magoti yake yalikuwa yamekufa siku nyingi, na safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa kutoka kitandani hadi mkekani barazani.

Mama alipomwambia magari yapo, kosta zinapanda na kushuka siku nzima, baba alimjibu bila kuinua macho, "Gari linakushusha stendi. Kutoka stendi unaletwa. Mjomba haletwi."

Mama alicheka, mimi nikacheka. Yeye hakucheka.

Asubuhi ile ya ukungu, alipokwenda kulala, nililichukua kopo lake la vifaa kutoka chini ya kiti. Ndani yake, pamoja na spana na bisibisi, kulikuwa na kifuko kidogo cha kitambaa chenye mtama na mbaazi. Hicho ndicho kilikuwa kipimo chake. Tangu nikiwa msichana mdogo alinifundisha kwamba kishikio cha klachi hakitakiwi kushika papo hapo ukikigusa. Lazima kicheze kidogo kwanza, kiwe na pumzi. Ukikivuta taratibu mpaka uzito wa waya uanze kusikika, unatazama ufa uliofunguka pale kishikio kinapoungana na usukani. "Punje ya mtama ipite, ya mbaazi isipite," alikuwa anasema. Ufa ukiwa mdogo kuliko hapo, klachi haifungi sawasawa, pleti zinateleza na kuungua. Ukiwa mkubwa kuliko hapo, klachi haiachii, na gia inaingia kwa kupiga kelele. Watu wa Makote walimletea pikipiki zao azipime kwa punje, na walimtania kwamba ikitokea njaa atakula vifaa vyake.

Nilitoa punje moja ya mtama. Haikupita. Nilijaribu kuisukuma kwa kucha, ikavunjika. Nati ya kurekebishia waya ilikuwa imefunguliwa hadi mwisho wa nyuzi zake, na waya umekazwa kama kamba ya kuanikia nguo. Nilielewa alichofanya, na nilikaa chini pale uani kwenye vumbi lililolowa. Alikaza waya ili klachi iachie mapema, kwa mvuto mdogo, mvuto ambao vidole vyake vilivyosimama nusu vingeuweza. Kwenye tambarare pikipiki ilivumilia. Kwenye mlima ilikuwa inajila yenyewe.

Mtu aliyepima klachi za kata nzima alijua anachokifanya. Hilo ndilo lililoniuma.

Sikumuuliza. Nilirudisha nati mahali pake, nikalegeza waya mpaka mtama ukapita na mbaazi ikakataa, nikafunga. Jioni alipotoka kuijaribu, nilijifanya nachambua mchicha. Aliwasha, akavuta klachi, akaingiza gia ya kwanza. Vidole vilifika pale vinapofikia na klachi ilikuwa haijaachia. Pikipiki iliruka mbele kama mbuzi aliyekatika kamba, ikazimika tairi likiwa ndani ya beseni la nguo za mama. Kuku walitawanyika. Mama alishika kiuno.

"Baba watoto, beseni hilo lina mwenyewe. Kama unaposa, tuma mshenga."

Baba alicheka, upande wa kulia. Kisha alitazama kishikio, akapitisha kidole gumba pale kwenye ufa, akajua. Alisubiri mama aingie ndani na nguo zake.

"Umeipa pikipiki haki yake," aliniambia. "Na mimi?"

Kuanzia hapo tulikuwa wawili kwenye kazi ile. Tulitafuta mahali ambapo pikipiki na mkono wake vingeweza kuishi pamoja. Tulichomoa waya wa klachi, tukaufunga ukining'inia kwenye mlango, tukakunja kipande cha nailoni kama mrija na kudondosha oili juu mpaka ikatokea chini, nyeusi kwanza, halafu safi. Tuliupitisha upya nyuma ya taa bila kona kali, kwa sababu waya uliojikunja unaongeza uzito. Tulilegeza boliti ya kishikio na kukizungusha kielekee chini kidogo, ili kiganja kisipindike kwenye kifundo cha mkono anapokikamata. Fundi mmoja wa sokoni alitupatia kishikio kirefu kilichotoka kwenye pikipiki nyingine, akakipasha moto na kukipinda kikaribie usukani. Kirefu kinavutika kwa wepesi, mradi ukishike kwenye ncha. Nati tuliisogeza robo mzunguko, tukajaribu, tukarudisha nusu ya robo. Baba alifumba macho kila alipovuta, kama anayeonja chumvi.

Siku zile zilikuwa nzuri, nasema kweli. Tulikuwa tunazungumza habari za waya tu, na kila kitu kingine kilikuwa kimo humo.

Binamu yangu, mtoto wa shangazi, alipanda kutoka Lisekese akiwa na gari la jamaa zake kuja kuchukua salfa ya kupulizia mikorosho, akapita kutusalimu. Kwetu mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi ni watani wa kufa na kuzikana, na yule hakuwahi kunisemesha hata neno moja la kawaida tangu nizaliwe. Alinikuta mikono imejaa grisi. "Mke wangu, vitabu vimekushinda, umehamia gereji? Mimi nani atanipikia?" Nilimwambia aende Ruvuma, mamba wanatafuta mume. Alimwamkia baba kwa kuinama, shikamoo mjomba, na huku bado anacheka alinyoosha mkono kwenye usukani akavuta klachi. Aliivuta kwa kidole kimoja. Ilifika mwisho kabisa, bila juhudi, na akaiachia, akaendelea na stori yake. Hakuwa na nia yoyote. Mimi nilimwona baba akikitazama kile kidole.

Ijumaa iliyofuata baba aliniambia nipande nyuma, twende wote.

Kuteremka kutoka Newala ni raha. Nchi inafunguka mbele, mikorosho inabaki nyuma yako, joto linakuja likipanda miguuni, na huko mbali majabali ya Masasi yanatokeza moja moja kama watu walioamka wasiamini kuwa wameamka. Baba aliendesha vizuri. Mteremko hauhitaji klachi sana. Nilikuwa nimeshika koti lake, na mgongo wake ulikuwa ule ule wa zamani, wa kunikinga na upepo nikipelekwa shule.

Shangazi alitusikia kabla hatujaingia kwenye kichochoro. Tulimkuta ameshainua uso kutoka mkekani, anawaambia wanawake waliokuwa wakitwanga pale, "Kaka yangu huyo. Amekuja mwenyewe." Alilisema kwa namna ya mtu anayemaliza ubishi. Walizungumza Kimakonde chao cha chini chini hadi giza likaingia. Wakati wote huo shangazi alikuwa ameuweka mkono wa kushoto wa baba mapajani pake, anaunyoosha kidole baada ya kidole, bila kuutaja na bila kuutazama, kama mtu anayemenya kitu.

Asubuhi tulipanda kurudi. Mpaka pale mlima unapoanza kusimama hakukuwa na shida. Mbele yetu kulikuwa na lori lenye mifuko ya salfa, linapanda kwa hatua ya mzee, na kwenye kona lilisimama. Ilibidi baba arudi gia ya kwanza. Alivuta klachi, nikaona mishipa ya shingo. Alivuta tena. Kisha akafanya jambo ambalo kama angeliona kwa mwingine angempokonya ufunguo: aliutoa mkono wa kulia kwenye mshiko wa mafuta na breki, akauvusha juu ya usukani, akaja kuusaidia wa kushoto. Injini ilizimika. Pikipiki ikaanza kurudi nyuma.

Niliweka miguu chini. Yeye pia. Tuliishikilia kwa mapaja yetu manne mpaka akawahi breki, na lori likaondoka likituachia moshi.

Tulisogea pembeni. Baba alikaa kwenye jiwe la ukingo wa barabara, uso umelowa, nami nilisimama nimeshika usukani kwa sababu sikujua nishike nini kingine. Kijana wa bodaboda alipunguza mwendo, akamwamkia, akauliza kama tumeharibikiwa. Baba aliinua mkono wa kulia.

"Hapana, mwanangu. Tunapunga upepo."

Chini yetu nchi ya Masasi ilikuwa bado ina ukungu mabondeni. Nilianza kusema kwamba nati ina nafasi bado, tukisogeza kidogo tena, au tukitafuta kishikio kirefu zaidi. Aliniacha nimalize. Kisha alisema neno moja, "Endesha," akaja akapanda nyuma yangu.

Sikuwahi kumbeba baba kabla ya siku ile. Mikono yake ilishika mabega yangu. Wa kulia ulikuwa mzito, wa kushoto ulikuwa umekaa tu. Niliingiza gia, klachi ikashika kwa shida, tukapanda tukilia ule mlio niliousikia kwenye ukungu. Kabla ya kona ya mwisho, pale nyumba yetu inapoanza kuonekana, alinigonga begani. Nikasimama. Alishuka, akaniambia nitangulie, yeye atatembea.

Nilifika peke yangu. Mama alitoka jikoni, akanitazama mimi kwenye pikipiki, akatazama barabara nyuma yangu. Alirudi kuchochea moto.

Baba alimwita binamu yangu kwa simu aje kuichukua pikipiki, iwe yake. Hapakuwa na kikao. Wako watu siku hizi wanaosema mali ya mtu ni ya watoto wake, na hata ndugu mmoja alinipigia kuniuliza kama nimekubali hivihivi. Mimi sikuitaka pikipiki. Nilichotaka ni kwamba baba asiwe na sababu ya kuitoa, na hilo halikuwa mikononi mwa mtu wa kugawa mirathi.

Binamu alifika asubuhi ya siku niliyokuwa nasafiri, maana kazi zangu zilikuwa zimenisubiri vya kutosha, na ilipangwa anishushe Masasi nipande basi. Alinisalimia akaniita dada. Nilingoja utani, haukuja. Aliuliza kama mzigo wangu ni huo tu, akatazama chini.

Baba alikuwa ametoa kopo na kukaa kwenye kigoda kando ya pikipiki. Alifungua kile kishikio kirefu kwa mkono wa kulia, akishikilia spana kwa goti pale ambapo mkono wa kushoto ungehitajika. Hakuna aliyesogea kumsaidia. Alirudisha kishikio cha zamani. Alimwita mpwa wake akae juu ya kiti, anyooshe mikono kama anavyoendesha siku zote, asijikaze. Kijana alinyoosha. Baba alifuata mstari wa mkono ule kwa macho, kuanzia bega hadi vidole, akakiinua kishikio kidogo, akakishusha kidogo, mpaka kikakaa sawasawa na mkono wa mtu mwenye nguvu zake. Akakaza boliti. Kisha akaja kwenye nati. Alizungusha, akatoa kifuko cha kitambaa, akaingiza punje ya mtama kwenye ufa. Ilipita. Akaingiza ya mbaazi. Ilikataa.

"Vuta," alisema.

Binamu alivuta, akaachia. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Inakuumiza?"

"Hapana, mjomba. Imekaa vizuri."

Baba aliitikia kwa kichwa. Alikifunga kifuko kwa meno na mkono mmoja, akampa. Alimwambia asikaze waya kwa kutafuta wepesi; wepesi wa namna ile unalipwa kwenye mlima. Kisha alimpa salamu ya kupeleka.

"Mwambie mama yako, safari hii zamu ni yake kuja."

Binamu alisema atamwambia. Sote watatu tulikuwa tunayajua yale magoti.

Mama aliniletea mfuko wa korosho zilizobanguliwa na mihogo mikavu, akatangulia nao nje kuufunga kwenye keria, akilalamika kwamba kamba ni fupi, kamba za siku hizi zote fupi. Niliingia ndani kuaga. Baba alikuwa ameshaingia, amesimama katikati ya chumba cha mbele, kile kishikio kirefu kilichopindwa kimo ndani ya mfuko wa koti lake, ncha imetokeza. Nilipiga goti, nikasema shikamoo ingawa tulikwisha kuamkiana. Aliitikia marahaba, mama, akaniwekea mkono kichwani. Ulikuwa wa kushoto. Nilihisi vidole vikijaribu kufunga.

Nilimwambia nikirudi tutapanda kosta pamoja, mimi na yeye, twende Lisekese, na kwamba kutoka stendi tutatembea kwa miguu, hakuna atakayemleta. Aliniambia wananingoja, jua linapanda, barabara ikikauka vumbi linakuwa jingi.

Nje, binamu alikuwa amekwisha kaa kwenye kiti, ameshika usukani, ila hakuwasha. Alikuwa ananingoja, au anamngoja mjomba wake atokee barazani kama alivyokuwa akitokea siku zote kusikiliza injini ya anayeondoka. Nilivuka kizingiti. Nikateremka ngazi ya baraza. Nyuma yangu, kabla ufunguo haujazungushwa, mlango ulifungwa, na komeo likasukumwa polepole mpaka likafika mwisho.